Uji Kabla ya Kipimo

11 Januari

Mdogo wangu,

Kukusalimu nitakusalimu mwisho, kama nafasi itabaki. Nilikutumia meseji ndefu kukueleza jambo zito, ukanijibu kwa picha ya kidole gumba. Mtu anakwambia ana kansa, wewe unamwonyesha dole. Najua masikio yako yaliisha kwa kugonga mabati na simu haikufai, lakini macho si bado unayo, au nayo umeyagonga? Kwa hiyo nimenunua karatasi. Hii huwezi kuijibu kwa kidole.

Nina kansa ya utumbo mpana. Soma tena. Si gesi, si bawasiri. Bawasiri ndiyo niliyodhani mimi. Nilikuwa naona damu chooni kwa miezi, nikajisemea watu wazima wote wanayo. Nikanunua dawa ya kupaka kwa yule mama wa sokoni anayetibu bawasiri, mapenzi na mende kwa kopo lilelile. Nikapaka. Damu ikaendelea, na mimi nikaendelea kufua mashuka pale nyumba ya wageni. Miaka yote nafua uchafu wa watu nisiowajua na kila doa nalijua limetoka wapi. La kwangu nikalipa jina la uongo.

Binti yangu ndiye aliyenikamata. Nilianguka kwa kizunguzungu kwenye kamba ya nguo, damu imeniishia mwilini, akanikokota hospitali. Nikakabidhiwa daktari kijana mwenye soksi za mistari, rika la mjukuu wangu wa kwanza, bado anatafuna kalamu. Akaniingizia kamera. Siku ya majibu akaanza kuzungukazunguka, mara uvimbe, mara mabadiliko, mara tuwe na moyo. Nikamwambia, mwanangu, moyo hujaniingizia kamera huko, sema. Akasema.

Watanipasua wiki ijayo. Hilo ni langu. Lako ni hili: ndugu wa damu na watoto nao wapimwe kwa kamera, hasa kwa kuwa mama yetu alikufa kwa kile tulichokiita tumbo. Unazikumbuka nguo alizokuwa anaficha chini ya kitanda. Wenzetu wote wameshazikwa, kwa upande wa ndugu umebaki wewe. Hospitali kubwa ya kwenu kipimo wanacho, nimeuliza. Nenda.

Hujambo.

Dada yako

*

22 Januari

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenikuta juu ya paa la shule, tunaweka mifereji ya maji ya mvua. Nimeisomea hukohuko na nusura nishuke bila ngazi. Pole sana, dada yangu. Kile kidole mpangaji wangu aliniambia maana yake ni "nimepata habari." Kumbe kina maana nyingi.

Kuhusu mimi usijisumbue. Bomba langu liko sawa. Mimi ni fundi, bomba likianza kuziba fundi analijua kwa mlio. Nakula, nafanya kazi, napanda paa kuliko vijana. Hata kitambi kimekwisha, nimetoboa tundu jipya kwenye mkanda, kazini wananiita bwana harusi. Kamera tuwaachie wagonjwa. Halafu mvua zinakaribia na mifereji haijafika hata nusu.

Nakuombea. Ukishapona nitakuletea ndoo ya bati yenye mfuniko, ile uliyoitaka.

Mdogo wako,
Fundi

*

19 Februari

Fundi wa mabomba,

Marahaba. Eti unalijua kwa mlio. Wewe, ambaye mwizi anaweza kung'oa mlango umelala nyuma yake, asubuhi ukaamka ukasifu hewa inavyoingia.

Nimepasuliwa. Wametoa kipande cha utumbo chenye uvimbe, wakaunganisha kilichobaki. Nimerudi nyumbani kwa binti yangu, na zaidi ya hapo hayakuhusu.

Kilichonichosha si kisu, ni wageni. Wanakaa ukingoni mwa kitanda wanadundadunda kama wanajaribu godoro la kununua. Jirani alinishika mkono akaanza kulia. Nikamwuliza anamlilia nani, akasema wewe, nikamwambia angoje kwanza nife. Mwenye nyumba ya wageni akaja na maua ya plastiki, yaleyale ya mapokezi. Vumbi lake nalijua, nalipangusa mwenyewe kila Ijumaa. Akaniambia pumzika, usiwaze kazi, huku macho yake yanahesabu ni lini nitaweza kunyanyua beseni.

Sasa huo mkanda. Ulidhani nitacheka? Mzee wa umri wako kitambi hakimwishi kwa uzuri. Unakwenda choo mara ngapi? Kinatoka vipi? Kuna damu? Nijibu kwa maneno, usinijibu kwa ndoo.

Dada yako

*

5 Machi

Dada,

Shikamoo. Nashukuru umetoka salama.

Maswali hayo mtu hamwulizi mdogo wake wa kiume. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, nina vijana wanaonisikiliza kazini. Kuna mchomeleaji mwenzangu alifanyiwa hicho kipimo. Anasema unavuliwa, unalazwa ubavu, magoti yanaletwa kifuani kama mtoto, na wasichana wanapita na makaratasi yao. Sitaki. Kama ni kufa, acha nife nimevaa suruali yangu.

Na usijifanye wewe unasema kila kitu. Binti yako ameniandikia. Anasema hutaki mtu aingie chumbani kwako, hata yeye. Anasema unafua mashuka yako mwenyewe, umejifungia, na mshono haujapona. Unaficha nini? Anza wewe.

Fundi

*

2 Aprili

Haya. Naanza mimi.

Nina mfuko tumboni. Upande wa kulia wa kitovu wamenitoboa tundu, na utumbo wenyewe umechungulia nje, mwekundu, unyevunyevu, kama ulimi wa mtu anayekucheka. Haja inatokea hapo na kuingia kwenye mfuko wa plastiki uliogandishwa kwenye ngozi. Siwezi kubana, siwezi kusema ngoja. Yule wa soksi anasema ni wa muda, mpaka walipounganisha pakauke na dawa ziishe, halafu watanifunga. Sijui. Madaktari wana muda wao na sisi tuna wetu.

Wiki ile ya kwanza nyumbani ukabanduka nikiwa nimelala. Mimi, ambaye nimewafulia watu maisha yangu yote na kuwadharau mmoja mmoja kimoyomoyo, nimesimama katikati ya chumba na shuka langu mikononi, sijui pa kuliweka. Binti yangu akagonga. Nikamwambia aende zake. Akasema mama nifungulie, nikamtukana. Nikalifua, nikalirudia, nikalirudia tena, na lilikuwa limetakata tangu mara ya kwanza. Hicho ndicho ninachoficha. Umeridhika?

Sasa wananitundikia dripu za dawa, naenda, nakaa kwenye kiti, narudi. Chakula chote kina ladha ya bati, ungefurahi. Nikigusa maji ya baridi vidole vinachomwa kama nimeviingiza kwenye kopo la sindano. Mfuaji asiyeweza kugusa maji. Nakunja tu soksi za wajukuu, kama kibibi.

Na wewe unazungumzia suruali. Nani amekudanganya kwamba ugonjwa huu unamwachia mtu suruali? Mama mwisho wake ulikuwa vipi? Wewe ulikuwa kazini. Mimi ndiye niliyekuwa naye chumbani, namgeuza, namfuta, na yeye anafunika uso kwa kiganja ili asinione namwona. Unataka nije nikufanyie wewe hivyo? Nitakuja, na nitakusimanga kila siku mpaka ufe.

Kile kipimo ni asubuhi moja. Unachomwa sindano, unasinzia, hao wasichana unaowaogopa hata huwaoni. Nao makalio yako hawana haja nayo. Marehemu mkeo mwenyewe alikuwa akiyalalamikia.

Dada yako

*

28 Aprili

Dada mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilinikalisha chini. Sikujua. Ningejua nisingeandika vile.

Basi nakupa habari njema. Nimekwenda. Nimepimwa Jumanne. Niliamka mapema, nikanywa uji bakuli zima na mkate juu yake, maana najua foleni za hospitali. Nikafika, nikaitwa, nikalazwa, kamera ikaingia ikatoka. Haikuchukua hata muda wa kukata bati moja. Daktari akanipiga bega akasema mzee uko safi kama bati jipya. Mchana nilikuwa juu ya paa na vijana wangu.

Kwa hiyo jambo langu limekwisha, sasa wewe jiangalie. Kunywa dawa zako, usiwatukane watu.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi

*

7 Mei

Mwongo.

Uji. Bakuli zima. Na mkate juu yake.

Nikufundishe, kwa kuwa umesimulia safari usiyowahi kwenda. Siku moja kabla, huli. Unakunywa maji, chai kavu, basi. Halafu wanakupa dawa ya unga unayokoroga kwenye jagi kubwa, ina ladha ya maji yaliyooshewa chupa za manukato, na unalimaliza lote, kikombe baada ya kikombe, na choo kisiwe mbali. Unatoka humo umepungua hata ukoo. Ukishatoa maji matupu, ndipo kamera inaona kitu. Wewe umeingia na uji na mkate. Wangeona nini? Daktari angeupiga picha uji.

Halafu unachomwa ile sindano ya kusinzia na mchana unapanda paa. Mimi walikataa hata kunikabidhi kwangu mwenyewe, walitaka mtu wa kunipeleka nyumbani.

Na hata bila uji ningekujua. Hakuna mtu aliyekunywa ile dawa akaandika barua inayoanza na dada mpenzi. Tangu uzaliwe hujawahi kuniita mpenzi. Ulipanga maneno mazuri kama mwuza viatu.

Nimekuvulia nguo zangu kwenye karatasi, nimekwambia jambo ambalo binti yangu mwenyewe nilimfungia mlango asilione, na wewe ukakaa kwenye kigoda ukanitungia hadithi. Mtu mwoga namwelewa. Mwoga anayejisifu kuwa shujaa simwelewi.

Kati ya dripu hii na ijayo nina nafasi. Nakuja Jumapili kwa basi la asubuhi, mimi na mfuko wangu. Nimemwaga habari zote kwa yule wa soksi. Akasema kusafiri hashauri. Nikamwambia sijaja kushauriwa, nimekuja kuaga. Amenipa karatasi ya kumpelekea mwenzake wa huko, kukuombea nafasi ya kipimo. Usinisafishie nyumba, nataka nione unavyoishi.

Dada yako

*

26 Mei

Dada,

Shikamoo. Tangu uondoke nyumba imekuwa pana.

Kuhusu siku ya ile dawa sina la kuandika. Ulikuwepo, na kwa kuwa choo changu nilikizungushia mabati mwenyewe, mtaa mzima nao ulikuwepo. Mpangaji wangu anasema ulikaa nje ya mlango kwenye ndoo iliyopinduliwa, kila nikitoka unaniandalia kikombe, na kila nikikataa unaniambia maneno ambayo hakuyajua, akayaandika kwenye simu ayatafutie maana.

Lakini nitasema hili moja. Kile kikombe nilichokimwaga chini, nikasema basi, hukunitukana. Ulifunua blauzi ukaniambia tazama. Nikatazama. Nilidhani nitaona kitu cha kutisha. Niliona tumbo la dada yangu. Sijui nilichokuwa naogopa miezi yote ile.

Majibu yametoka leo. Nilikwenda na mpangaji anisikilizie, lakini daktari, yule mama mwenye miwani, aliniandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa kama za tangazo. KANSA. Chini yake: BADO NDOGO. Wanavyoona haijatoka nje ya ukuta wa utumbo. Watanipasua wiki ijayo. Anasema huenda wakaniwekea mfuko kwa muda, huenda wasiniwekee, watajua wakishafungua.

Uliniuliza kama kuna damu. Ipo. Ilikuwepo hata kabla ya yako. Nilikuwa nasema ni kiti cha kazini.

Nifundishe mfuko unavyobadilishwa. Nataka kujua kabla, nisifundishwe na wale wasichana.

Mdogo wako

*

31 Mei

Mpumbavu wangu,

Marahaba. Eti kiti cha kazini. Mimi nilisema bawasiri na wewe umesema kiti. Tungekaa tukangoja, mmoja angezikwa na kopo la dawa ya mende na mwingine na kigoda.

Sikiliza, au kwa upande wako, soma. Ubadilishe asubuhi kabla hujatia kitu kinywani, maana hapo utumbo umetulia. Ukishakula hauna adabu, utakuchurizikia mikononi. Mfuko ubandue taratibu huku unabonyeza ngozi, usivute kama plasta. Osha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini. Sabuni ya manukato usitie, gundi haitashika. Kausha mpaka ikauke kweli, si kukausha kwako kwa kupepea. Tundu la ule mduara wa gundi ulikate sawasawa na utumbo wenyewe. Likiwa kubwa ngozi itaungua, likiwa dogo litaukwangua. Umekata bati maisha yako yote, usiniaibishe kwenye plastiki. Mfuko ukifika theluthi umwage, usingoje ujae, wewe una tabia ya kungoja.

Na utumbo huo unapiga kelele. Watu wamekaa, mazungumzo mazuri, wenyewe unaunguruma. Mimi huwa namkazia macho mgeni aliye karibu mpaka aone haya yeye. Wewe hutausikia, kwa hiyo endelea tu kuongea.

Kuja siwezi. Dripu ya safari hii imeniangusha, nanyanyua kichwa kwa awamu. Binti yangu ndiye anayeniwekea karatasi magotini. Siku hizi namfungulia mlango, usimwambie mtu.

Ukizinduka andika. Na usithubutu kuniandikia habari za bati jipya.

Dada yako

*

21 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimepasuliwa na nimezinduka. Mfuko hawakuniwekea. Nilikuwa nimejifunza kukata kwa karatasi za saruji, nikakata miduara mingi mizuri, imebaki bure. Leo maabara wamejibu: zile tezi za kando ya utumbo walizozitoa zote hazina kitu. Daktari kaniandikia HAKUNA DRIPU, chini yake kaniandikia NJOO KILA TUKIKUITA, akapigia mstari.

Najua hutaniamini, na haki yako. Kwa hiyo nimemwomba muuguzi naye aandike.

Mdogo wako

Mama, shikamoo. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Aliyoandika mgonjwa ni kweli yote, majibu nimeyaona mwenyewe. Alikataa kunywa dawa mpaka niandike. Anakula vizuri. Anagongagonga vyuma vya vitanda na kuwaambia wagonjwa wenzake kwamba vimechomelewa na mlevi.

*

9 Novemba

Mdogo wangu,

Muuguzi wako ana mwandiko mbaya lakini nimemwamini.

Dripu zangu zilikwisha, na mwezi uliopita wamenifunga tundu. Wiki ya kwanza nilikuwa nakimbilia choo kama nimefukuzwa, sasa kimetulia. Kidonda kimebaki mfano wa kitovu cha pili, kibaya kuliko cha kwanza. Vidole bado vina ganzi kwenye ncha, lakini maji nayagusa. Nimerudi kazini nusu siku. Nimemkuta msichana waliyemweka badala yangu, anakunja shuka kama anafunga samaki. Nimemwachia pasi, mashuka nimeyachukua.

Yule wa soksi amenipangia kwenda kuangaliwa kila baada ya miezi michache. Nimemwuliza kama nimepona. Akatafuna kalamu, akasema kwa leo haoni kitu. Ndilo jibu la kwanza la maana alilowahi kunipa.

Zamu sasa ni ya binti yangu. Alipotakiwa kwenda kupimwa, akaanza: ana kazi nyingi, ana watoto, mwaka mpya ukiingia, yeye anajisikia vizuri tu. Sikubishana. Nilichukua barua zako, nikatafuta ile ya Aprili, nikamsomea yote mpaka ulipopanda paa. Alicheka kwenye mkate. Kwenye bati jipya hakucheka tena. Akanyanyuka, akaenda kupanga tarehe.

Kipimo ni kesho. Nakuandikia nimekaa kwenye kiti nje ya mlango wa choo, jagi liko miguuni pangu. Namsikia humo ndani ananilaani mimi, anamlaani yule wa soksi, sasa hivi amefika kwako. Ngoja nimwite atoke, kikombe chake nimeshajaza.

Dada yako